Semei Kakungulu: Alitaka ufalme, akaachiwa mji

Abiria anayetoka Tororo kuelekea kaskazini huwa na milima mkono wake wa kulia kwa muda mrefu wa safari, na baada ya kilomita zipatazo 50 huingia Mbale, chini ya ukuta mrefu wa mawe unaoitwa Wanale. Katikati ya mji hukuta mnara wa saa, barabara pana zinazokutana, na maduka ya ghorofa moja au mbili yenye baraza na nguzo mbele yake. Hapo ndipo wafanyabiashara wa pande nne hukutana: wa Teso, wa Bugisu, wa Bugwere, wa Padhola, na wale wanaovuka mpaka kutoka Busia na Malaba. Ni wachache kati yao wanaoulizana ni nani aliyeamua kuwa mji ukae mahali hapo.

Katika miji ya Ulaya swali hilo hujibiwa na kuta zenyewe. Bremen, kaskazini mwa Ujerumani, ina uwanja wa soko ambao sanamu yake ya mawe ya Roland imesimama tangu mwaka 1404, mbele ya jumba la halmashauri lililojengwa miaka michache baadaye, ili kila mpita njia ajue kuwa wafanyabiashara wa mji ule hawakuwa watumishi wa askofu. Mbale haina jiwe la namna hiyo. Mwanzilishi wake alijenga kwa matete, miti na nyasi, vitu ambavyo mchwa na mvua huvimaliza katika miaka michache. Kilichobaki ni mahali penyewe alipopachagua, njia alizozifungua, na ugomvi juu ya nani mwenye haki ya mji, ambao uliendelea miaka mingi baada ya yeye kuzikwa.

Mtu huyo ni Semei Kakungulu. Baadhi ya watu humkumbuka kama mjenzi wa mashariki ya Uganda. Wengine, hasa katika nyumba za Padhola, Bugwere na Teso, walirithi kumbukumbu ya mtu aliyekuja na bunduki na kuondoka na ng'ombe. Kumbukumbu zote mbili zina ukweli, na anayesimulia moja peke yake huwa anaficha jambo.

Bunduki na pembe

Inakisiwa kwamba Kakungulu alizaliwa karibu mwaka 1869 huko Kooki, ufalme mdogo uliokuwa kusini magharibi ya Buganda. Hakuwa basi Muganda wa kuzaliwa katika koo kubwa za Mengo, na jambo hilo halikusahauliwa na wapinzani wake. Alifika katika baraza la Kabaka Mwanga akiwa kijana, akapata jina kwa uwindaji wa tembo. Katika miaka ile pembe na bunduki vilikuwa kitu kimoja: mwenye bunduki alipata pembe, na mwenye pembe alinunua bunduki nyingine, pamoja na wafuasi wa kuzibeba.

Alibatizwa katika Uprotestanti wakati dini ilipokuwa pia chama na jeshi. Mwaka 1888 Mwanga alipinduliwa, na muda si mrefu Waislamu wakashika mji mkuu; Wakristo wakakimbilia upande wa Ankole. Kakungulu alikuwa mmoja wa viongozi wa vita waliomrudisha Mwanga kitini. Waprotestanti na Wakatoliki walipopigana wao kwa wao huko Mengo mwaka 1892, na bunduki ya rashasha ya Kapteni Lugard ikaamua matokeo, Kakungulu alikuwa upande ulioshinda. Alipanda hadi cheo cha Kimbugwe, mojawapo ya vyeo vikubwa kabisa katika Buganda, kilichokuwa na heshima karibu na ile ya Katikiro. Akaoa pia katika nyumba ya kifalme.

Hapo ndipo njia yake ilipozibwa. Katikiro alikuwa Apolo Kagwa, Mprotestanti mwenzake, mtu mwenye akili kali na kalamu yenye bidii, na Buganda haikuwa na nafasi ya wakubwa wawili wa chama kimoja. Kagwa alikuwa na ofisi, ukoo na sikio la Waingereza. Kakungulu alikuwa na askari. Katikati ya miaka ya 1890 alikiacha cheo chake akahamia Bugerere, nchi iliyo mashariki ya Buganda kando ya mto Nile, ambayo alikuwa ameiteka kwa nguvu zake mwenyewe. Kutoka hapo alianza kutazama ng'ambo ya Ziwa Kyoga.

Waingereza walimhitaji zaidi kuliko walivyopenda kukiri. Askari wa Kisudani walipoasi mwaka 1897, alikuwa upande wa serikali. Na tarehe 9 Aprili 1899, jeshi lake likiwa pamoja na la Waingereza, wafalme wawili waliokuwa wakipigana nao walikamatwa huko Lango: Kabalega wa Bunyoro na Mwanga mwenyewe, yuleyule ambaye Kakungulu alikuwa amemsaidia kurudi kitini miaka kumi kabla. Wote wawili walipelekwa uhamishoni Shelisheli.

Nchi iliyoitwa Bukedi

Sir Harry Johnston alifika Uganda kama kamishna maalumu, na mwaka 1900 akatia saini Mkataba wa Buganda uliogawa ardhi na vyeo vya Mengo. Kwa Kakungulu alikuwa na mpango mwingine. Alimruhusu aende mashariki, aitulize nchi na kuiweka chini ya serikali, kwa gharama ndogo sana kwa hazina ya Uingereza. Johnston alikusudia nini hasa kwa ruhusa hiyo, na Kakungulu alielewa nini, ndilo fumbo la maisha yake yote. Kakungulu alielewa kuwa amepewa nchi. Alijiona kuwa Kabaka wa Bukedi, na aliishi hivyo.

Neno Bukedi lenyewe lilikuwa la Baganda, na lilikuwa na dharau ndani yake, kwa maana lilisema kuwa hii ni nchi ya watu wanaotembea uchi. Wenyeji hawakujiita hivyo. Walikuwa Bagwere, Iteso, Jopadhola, Banyole, Bagisu, kila watu na lugha yao na namna yao ya kukaa bila mfalme. Inashangaza jinsi jina la kudharau linavyoweza kugeuka kuwa la kujivunia: leo Bukedi ni jina la eneo na la dayosisi, na hakuna anayeona haya kulitamka.

Makao yake makuu aliyaweka Budaka, katika nchi ya Bagwere. Kutoka hapo mawakala wake wa Kiganda walijenga ngome, wakafungua njia zilizonyooka, wakapanda miti kandokando yake, wakakusanya kodi na kuwalazimisha watu kufanya kazi. Mivule na miembe iliyopandwa katika zama hizo ilitoa kivuli kwa vizazi vilivyofuata, hasa Teso. Waliochimba mashimo yake hawakulipwa, na majina yao hayakuandikwa na mtu.

Mfumo wa utawala nao ulikuwa wa Buganda mtupu. Saza, gombolola, muluka: maneno hayo yalikuja mashariki pamoja na mawakala hao. Anayesema leo kwamba nyumba yake iko katika gombolola la Nabuyoga anatumia neno la Kiganda lililoletwa na utawala huo, awe anazungumza Dhopadhola, Ateso au Kiswahili. Huko Padhola mapokezi yalikuwa mabaya. Jopadhola walikuwa wamezoea kulinda mipaka yao dhidi ya majirani wa kila upande, na hawakuona sababu ya kumtii mgeni kutoka Mengo. Mwaka 1905 waliinuka dhidi ya mawakala wa Kiganda, na utawala ulilazimika kutambua kuwa nchi hiyo haikuwa imetulizwa kama ripoti zilivyosema.

Kabla ya hapo, lakini, Kakungulu mwenyewe alikuwa ameshaanguka. Wamishenari waliokuwa mlimani walilalamikia ng'ombe walionyang'anywa na nguvu iliyotumika. Maofisa wa Kiingereza, ambao sasa walikuwa na reli iliyofika Ziwa Viktoria na askari wa kutosha, hawakuona tena haja ya mfalme wa kujitawaza. Mwaka 1902 aliondolewa Budaka, na ofisa William Grant akashika usukani. Ngome yake ikawa kituo cha serikali.

Mwaka huohuo, kwa uamuzi uliofanywa London, mkoa wa mashariki wa Uganda, ambao hadi wakati huo ulifika hadi karibu na Naivasha, ulihamishiwa upande wa Kenya. Hivyo katika miezi michache Kakungulu alipoteza nchi yake, na watu wa Busia na Malaba wakaanza kuishi kando ya mpaka ambao hapo kwanza haukuwepo. Hawakuulizwa, kama yeye naye hakuulizwa.

Maili ishirini chini ya Wanale

Alichopewa kama kifuta machozi kilikuwa maili za mraba 20 za ardhi, mahali palipokuwa na watu wachache na wanyama wengi, kati ya Bagisu wa mlimani na Bagwere wa bondeni. Hapo mito inashuka kutoka Mlima Elgon, ambao wenyeji huuita Masaba. Mmojawapo ni Nabuyonga, unaokatiza mjini. Wasomaji wa Nabuyoga wasiuchanganye na kwao kwa sababu ya herufi moja. Kakungulu alihamia huko na maelfu ya wafuasi wake, akaanza kujenga Mbale.

Aliujenga mji kwa mfano aliokuwa nao kichwani, nao ulikuwa Mengo. Mji mkuu wa Buganda haukuwa rundo la vibanda kama wageni wengine walivyodhani. Katikati palikuwa na lubiri, boma la mfalme, lenye uzio mrefu wa matete yaliyosukwa kwa ustadi. Kutoka kwenye lango lake zilitoka barabara pana zilizonyooka, zikapanda na kushuka vilima bila kupinda. Machifu walijengewa pande zao kwa mpango, kila mmoja akielekea upande wa nchi aliyoitawala, hata mtu aliyezijua nyumba za mji alikuwa ameijua ramani ya ufalme wote. Kuusafirisha mpango wa aina hiyo hadi chini ya Wanale ilikuwa kusema jambo wazi mbele ya Waingereza waliomnyima cheo: kwamba pale alipoketi Kakungulu, hapo palikuwa mji mkuu. Hata mlima ulipewa jina jipya. Baganda waliuita Nkokonjeru, yaani kuku mweupe, na jina hilo likaingia katika ramani za serikali.

Ajabu ni kwamba hila ile ilifaulu, ingawa si kwa namna aliyoitaka. Watu walikuja. Palikuwa na ulinzi, chakula, soko na njia nzuri, na jirani yake palikuwa na nchi ya Karamoja iliyokuwa bado na tembo wengi. Wafanyabiashara Waswahili, Waarabu, Wahindi na wawindaji kutoka Ulaya waliifanya Mbale kuwa mahali pa kuandaa misafara ya pembe. Wapagazi waliajiriwa hapo, unga ulinunuliwa hapo, na Kiswahili kilikuwa lugha ya mapatano. Wanaosema kuwa Kiswahili kiliingia mashariki ya Uganda pamoja na jeshi wasisahau soko la Mbale la miaka hiyo ya mwanzo. Lugha hii ilinunua na kuuza huko kabla haijatoa amri.

Serikali nayo ilivutwa na mafanikio hayo. Haikupita miaka mingi makao ya wilaya yakahamishwa kutoka Budaka hadi Mbale, na kwa mara ya pili Kakungulu akatazama ofisi za Waingereza zikikaa juu ya kazi ya mikono yake. Baadaye maduka ya Wahindi yalichukua nafasi ya nyumba za matete. Baraza na nguzo zile, ambazo mwenyeji huziona kama sura ya kale ya mji, ni tabaka la pili: zilijengwa na watu waliotoka Gujarat na Punjab kwa ajili ya jua na mvua ya hapa, na wengi wa wajukuu wao walifukuzwa mwaka 1972.

Imani ya mtu aliyeudhika

Mwaka 1906 Waingereza walimpa kazi nyingine, ya kuongoza baraza la machifu wa Busoga. Aliifanya hadi 1913, bila kupendwa sana na Basoga, ambao hawakuona kwa nini Muganda awe juu yao. Kisha akarudi Mbale akiwa na umri wa miaka zaidi ya arobaini, tajiri wa ardhi na maskini wa madaraka.

Aligeukia Biblia. Kwanza alijiunga na Wamalaki, kundi lililojitenga na kanisa la Kianglikana na kukataa dawa za hospitali kwa hoja kwamba Mungu peke yake ndiye mponyaji. Baadaye aliona hata hao hawasomi vya kutosha. Akashikilia Agano la Kale, akauliza kwa nini amri zilizoandikwa humo hazifuatwi, na mwaka 1919 akajitahiri pamoja na wanawe, akatangaza kuwa wao ni Wayahudi. Kwa Baganda wa zama hizo hilo lilikuwa jambo la kutisha, kwani desturi yao haikuruhusu kuumwaga wala kuukata mwili kwa namna hiyo. Kwa Bagisu waliomzunguka, ambao kijana wao hawi mwanamume bila kutahiriwa, halikuwa jambo la kushangaza hata kidogo.

Makao ya jamaa hiyo, Abayudaya, yalikuwa Gangama, karibu na Mbale. Mwaka 1922 Kakungulu alitoa kitabu cha mafundisho na sala kwa Kiganda. Katika miaka ya 1920 Myahudi mmoja mgeni aitwaye Yosef alikaa nao kwa miezi kadhaa, akawafundisha sikukuu, kalenda na namna ya kuchinja. Wapo wanaoiona imani hii kama hasira dhidi ya Waingereza iliyovaa kanzu ya dini. Hoja hiyo haitoshi. Mtu mwenye hasira tu angeweza kuasi kwa bunduki, kazi aliyoijua vizuri zaidi kuliko kusoma. Hakuwa na haja ya kuacha nyama aliyoizoea na kupumzika Jumamosi.

Alifariki tarehe 24 Novemba 1928. Abayudaya hawakuisha. Katika utawala wa Idi Amin ibada yao ilipigwa marufuku na idadi yao ikapungua hadi mia chache, lakini baadaye iliongezeka tena, na mwaka 2016 walifungua sinagogi jipya juu ya kilima cha Nabugoye, nje kidogo ya Mbale.

Mji bila mwenyewe

Mwaka mmoja baada ya kifo chake, reli iliyotoka Tororo na kupita Mbale ilifika Soroti. Pamba ya Bugwere na Teso na kahawa ya mlimani zilipita hapo, na Mbale ikawa mji mkubwa wa mashariki, uliosifiwa kwa usafi wa barabara zake na vivuli vya miti yake. Ndipo swali alilolianzisha Kakungulu bila kukusudia likarudi. Mji ulikuwa umejengwa katikati ya watu wawili, na mwanzilishi hakuwa wa upande wowote. Bagisu walisema ardhi ni yao, mlima ni ushahidi. Watu wa Bukedi walisema makao ya wilaya yao yalikuwa pale tangu mwanzo.

Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962, ugomvi ulikuwa haujaisha, na tume ilikuwa imeundwa kuutazama mpaka wa Bugisu na Bukedi. Katiba ya uhuru, ilipoorodhesha falme na wilaya za nchi, iliitaja Mbale peke yake, kama eneo lisilo ndani ya wilaya yoyote. Mji wa mtu asiye na nchi ukawa, kwa muda, mji usio na wilaya. Hatimaye Mbale ilibaki Bugisu, na makao ya Bukedi yakahamia Tororo. Ofisi ambazo mkazi wa Nabuyoga au Nagongera huzifuata Tororo leo, badala ya kupanda gari hadi Mbale, ziko hapo kwa sababu ya mvutano huo.

Mbale ilitangazwa kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020. Tororo bado ni manispaa, na swali la upande gani manispaa hiyo iangukie endapo wilaya itagawanywa, kwa Jopadhola au kwa Iteso, limekuwa likijadiliwa bungeni, mahakamani na katika vikao vya wazee kwa miaka mingi.